Paka wa Maji katika Nyumba ya Humoud

Wanawake wengi wakiachwa huachwa kwa sababu inayoelezeka. Mume kapata mwengine, mama mkwe kachoka, au watoto hawakupatikana. Mwanabaraka aliachwa kwa ajili ya nyota.

Rajabu, mumewe, alikuwa akikaanga samaki soko la Bagamoyo. Biashara ilipozorota hakujiuliza kama mafuta yake yamechakaa au kama ulimi wake mchafu unafukuza wateja. Alikwenda kwa Mwalimu Mikdad, akataja jina lake na la mama yake, kisha la mkewe na la mama wa mkewe. Mwalimu akahesabu herufi kwa vidole, akamwambia kwamba yeye ni nyota ya maji na mkewe ni nyota ya moto, na moto ule ndio unaomkausha. Ndoa ilikuwa imekwisha kuwa ya siku nyingi, ya kujuana hadi mikoromo. Talaka ikaja kwa ujumbe wa simu. Na kwa kuwa Mwanabaraka hakupata kusoma, ilimbidi ampe simu jirani amsomee, naye jirani akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakinunua maandazi.

Tangu hapo aliishi nyumbani kwa Humoud, akipika na kufua. Humoud alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa ukoo uliotoka Oman zamani, mwenye kuheshimiwa msikitini na kusikilizwa barazani. Mkewe, Bi Hanadi, alikuwa mwanamke mpole aliyezungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Walimpa Mwanabaraka chumba cha uani, kando ya jiko, chenye kitanda cha kamba na dirisha moja. Chumba kile ndicho alichobaki nacho duniani. Kwao Mkange alikuwapo kaka, lakini mke wa kaka alikwisha kusema wazi kwamba nyumba yao si gofu la kuokota walioachwa. Kwa hiyo Mwanabaraka alijichunga. Aliamka kabla ya kuitwa, alisikia asiyotakiwa kusikia, akanyamaza.

Ya kusikia yalikuwa mengi. Kijana wa nyumba, Qais, alipokuwapo, baba yake alikuwa na haya kidogo. Qais alipokwenda Muscat kusoma, Humoud hakubakiwa na wa kumwonea haya. Alikuwa akirudi kutoka dukani na uso wa mtu anayetafuta kosa, na kosa halikosekani. Chai imepoa, kanzu ina mkunjo. Sauti yake ilikuwa ikipiga kabatini mpaka vikombe vikalia. Baadaye mlango wa chumbani ungefungwa, na siku ya pili Bi Hanadi angeshuka na ushungi umevutwa hadi nusu ya shavu, akauliza kwa upole kama vitunguu vimebaki. Mwanabaraka angejibu vimebaki. Hilo ndilo lililokuwa likisemwa kati yao.

Qais aliacha paka. Alikuwa dume la rangi ya dengu, manyoya mengi, jina lake Zafarani. Alizaliwa Kiwangwa, katika shamba la mananasi la Humoud linalosimamiwa na dada yake, Khairat. Zafarani hakuwa paka wa kila mtu. Mgeni akiingia hamwoni. Anayemwona huona mkia. Mtu aliyemwamini alikuwa mmoja, Qais, na Qais alipoondoka paka aliikagua nyumba nzima kwa macho, akamchagua Mwanabaraka. Alikuwa akilala miguuni pake, juu ya kanga kuukuu.

Mvua za masika zilipokatika, paka yule akaanza kubadilika. Alikunywa maji kama aliyefunga. Akakonda, manyoya yakapoteza mng'aro, akawa anashinda chini ya kitanda. Bwana mifugo alikuja, akamchoma sindano, akaondoka, na hali ikabaki ile ile. Bi Hanadi akaingiwa na hofu, maana kila Qais akipiga simu, kabla ya kumuuliza mama yake habari, alikuwa akimuulizia paka. Ndipo aliposikia habari za mwanamke wa Kichina anayekaa njia ya kwenda ufukweni, anayetibu wanyama kwa dawa za asili za kwao. Akamtia Zafarani katika kapu lenye mfuniko, akamkabidhi Mwanabaraka, akamwitia bajaji.

Daktari yule alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, jina lake Mei. Kiswahili alikijua, cha moja kwa moja kisicho na mapambo. Barazani kwake alikuwapo mbwa wa mwenye hoteli, amefungwa kamba, anabweka kwa kila anayepita. Mwanabaraka akakusanya baibui lake na kupita mbali naye.

"Usimwogope," Mei alimwambia. "Huyo ni mnyama wa mti. Anataka kuongoza kila mtu, hata mimi. Akizuiwa hukasirika, na ini lake ndilo huumia."

"Basi kuna mtu kwetu ni wa mti pia," alisema Mwanabaraka, na mara akajuta, akaangalia pembeni.

Mei alimfungua Zafarani taratibu. Hakumchoma kitu. Alitia vidole ndani ya paja la nyuma, akafumba macho, akatulia kama anayesikiliza ukutani. Alimfungua kinywa akatazama ulimi, uliokuwa umepauka na kulowa. Alishika masikio, akashika kiuno, akasema kiuno ni baridi. Kisha akaanza kuuliza. Paka huyu hupenda wageni? Hupenda kubebwa? Akisikia kishindo hufanya nini? Mwanabaraka alishangaa, kwa sababu aliulizwa tabia ya paka kama mchumba anavyoulizwa tabia. Alijibu yote.

Mei akamweleza kwamba katika elimu ya kwao viumbe wamo katika maumbile matano. Wa mti ni wakali wenye kutangulia. Wa moto hupenda watu na sherehe. Wa udongo ni wapole, wenye kupenda tumbo lao na mapaja ya watu. Wa chuma hupenda utaratibu, ukikihamisha chombo chao wananuna. Wa maji hutazama kutoka mbali, hujificha, humwamini mtu mmoja. Kila umbile lina kiungo chake na ugonjwa wake. "Huyu ni wa maji," alisema. "Kiungo cha maji ni figo, na kinachoharibu figo ni hofu."

Akamwambia asimpe samaki wa kutoka kwenye friji. Chakula kipikwe, kipashwe moto, supu ya kuku isiyo na chumvi, na damu yake ipimwe pia kwa bwana mifugo. Mwanabaraka hayo hayakumshangaza. Pwani nzima inajua vyakula vya baridi na vya moto. Mzazi aliyetoka kujifungua hapewi kitu cha baridi, mwenye joto hapewi tangawizi. Kilichomkaa moyoni ni neno lile jingine. Maji. Njia nzima ndani ya bajaji alikuwa amekumbatia kapu huku akilifikiria. Yeye alikwisha kuambiwa kwamba ni moto, na kwamba aliye maji akilala karibu naye hukauka. Na huyu paka, anayekunywa na kunywa na bado anakauka, analala wapi kama si miguuni pake?

Mwengine angelicheka wazo lile. Lakini mwengine hakutolewa nyumbani kwa hesabu ya herufi. Kwa Mwanabaraka hesabu ile ilikuwa kweli kwa sababu ilimpata. Ilimfukuza kwenye kitanda chake, ikamleta uani kwa watu. Aliona ni lazima ahakikishe. Na nyota haihakikishwi bila jina la mama.

Akampigia simu Khairat, Kiwangwa. Baada ya shikamoo na marahaba, akamuuliza yule paka aliyemzaa Zafarani alikuwa akiitwa nani. Khairat akasema walikuwa wakimwita Saada, kisha akauliza la nini. Mwanabaraka akasema ni la dawa.

Alikwenda kwa Mwalimu Mikdad yule yule. Kwa nini si mwengine? Kwa sababu huyu ndiye ambaye neno lake alikwisha kuona nguvu zake. Alikaa mbele yake kwenye mkeka, na mwalimu akamtazama kama anavyomtazama mtu mgeni. Hakumkumbuka kabisa. Mtu aliyeivunja nyumba yake hakuwa hata na sura yake kichwani.

Mwalimu alimuuliza mgonjwa ni nani. Hapo Mwanabaraka aliona haya kusema ni paka. Akasema ni wa nyumbani kwetu, anaitwa Zafarani, mama yake Saada. Mwalimu akahesabu, akasema ni maji. Mwanabaraka akamuuliza je, akiishi na aliye moto? Mwalimu akatikisa kichwa, akasema watenganishwe.

Kuanzia hapo Mwanabaraka alimfungia paka mlango. Zafarani alikuwa akija, anakwaruza, anatoa sauti nyembamba kama bawaba kavu, na Mwanabaraka ndani amejifunika kanga masikioni. Alimpa chakula kwa mkono ulionyooka, akaondoka haraka. Alimwonea huruma kwa namna pekee aliyofundishwa, yaani kukaa mbali. Paka akaacha kukwaruza. Akahamia chini ya kabati la vikombe, na jioni Humoud alipopiga kelele, vikombe vikalia juu ya kichwa chake. Akaacha kula kabisa.

Bi Hanadi akawarudisha kwa Mei. Safari hii daktari alipotia vidole pajani uso wake ulibadilika.

"Nani kamhamisha?" aliuliza.

Mwanabaraka akamweleza kila kitu, Rajabu, talaka, mwalimu, jina la Saada, mlango. Alieleza huku ametazama sakafu. Mei hakucheka. Aliwasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayashika juu ya kiuno cha paka bila kumgusa, moshi ukapanda kama wa mtu anayejifukiza. Zafarani, aliyekuwa amekaza mwili wote, akalegea, akaweka kidevu chini.

"Sisi hatuhesabu jina, mama," alisema Mei. "Paka hajui jina la mama yake. Tunatazama anavyoishi. Anamkimbilia nani, anamkimbia nani. Na nani kakwambia moto ni adui wa maji? Maji yasiyo na moto ni baridi, na huyu anaumwa baridi. Wewe ndiye jiko lake. Umejizima."

 Mwanabaraka aliona kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa cha paka. Kilikuwa kile kitanda cha Rajabu, ile miaka ya kuamka alfajiri kuparua samaki, yote imetupwa kwa neno ambalo watu wengine, mbali huko, wanalitamka kinyume. Hakujua hesabu ipi ni kweli. Huenda zote mbili watu wamezitunga tu. Alilolijua ni kwamba moja ilimtoa nje na nyingine ikamwambia aingie, na ile ya kumtoa ndiyo aliyoiamini bila kuuliza.

Kabla hajaondoka Mei alimwambia jambo la mwisho. Afikishe kwa mwenye paka kwamba moto na supu vitasaidia, lakini kama kinachomtisha kimo ndani ya nyumba, dawa itakuwa kama kuteka maji kwa pakacha.

Alilifikisha. Bi Hanadi alikuwa akichambua mchele. Aliacha mkono juu ya ungo, akauliza kama daktari alisema hayo mbele ya watu. Mwanabaraka akasema walikuwa wawili tu. Bi Hanadi akaendelea kuchambua, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Baba Qais asilisikie hilo." Halafu akainuka mwenyewe kumpashia paka supu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikaa wote wawili jikoni, juu ya vibao, wakimtazama Zafarani analamba. Usiku mlango wa uani haukufungwa tena. Paka alirudi miguuni, na baada ya siku chache alikuwa akitoka kuota jua. Mwanabaraka alithubutu kufikiri kwamba safari hii hatafukuzwa.

Khairat alikuja kutoka Kiwangwa na mananasi. Mchana, watu wakila, akasema kwa mzaha kwamba mtumishi wao siku hizi anatafuta majina ya mama za watu kwa simu. Humoud akaacha kula. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jina la mtu na la mama yake hutafutwa kwa ajili gani. Bila majina hayo mtu harogwi wala hafungwi. Khairat akacheka, akasema ni ya paka, lakini kicheko chake kilikuwa kimekwisha kuchelewa. Ijumaa baada ya sala Humoud alikwenda kwa Mwalimu Mikdad, ambaye mjini ndiye anayejulikana kwa kuhesabu nyota, na mwalimu, ambaye hakuwa mwongo, alimwambia kweli tupu, kwamba mwanamke alikuja kuhesabia mtu wa nyumbani kwao, ambaye jina lake limemtoka, na akauliza habari za maji na moto waishio pamoja, naye akamjibu watenganishwe.

Mwanabaraka akaitwa sebuleni. Humoud alikaa kwenye kochi kubwa, Bi Hanadi kwenye kiti cha kando, ushungi umevutwa.

Humoud hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimuuliza ni nani aliyetaka kumtenganisha na nani. Mwanabaraka akasema ni paka, baba, ni paka na mimi. Humoud akamtazama mkewe kama anayemshirikisha kichekesho.

"Unamsikia? Nyota ya paka. Tangu mababu, nani kahesabia paka nyota?"

Mwanabaraka akaeleza tena, akachanganyikiwa, maneno yakawa yanatoka nyuma mbele. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo. Mwisho akaona limebaki shahidi mmoja. Bi Hanadi alijua safari zote mbili za kwa Mei, alijua paka alivyofungiwa mlango na alivyofunguliwa, alikaa naye kwenye kibao supu ikilambwa. Lakini kusema hayo kungemlazimu kusema kwa nini paka aliumwa, na daktari alisema nini juu ya hofu.

"Mama Qais, mwambie," alisema Mwanabaraka. "Wewe unajua."

Bi Hanadi aliuweka ushungi sawa, ingawa ulikuwa sawa. Alimtazama mumewe kwanza. Kisha akasema, taratibu, "Mimi nilimtuma kwa daktari tu. Huko kwengine sijui alikwenda kutafuta nini."

Humoud akasema basi, na neno lile lilitosha. Aondoke kabla ya magharibi, na ashukuru hapelekwi mbele ya watu. Lakini mbele ya watu alikwisha kupelekwa, kwa sababu Khairat alikuwa ukumbini anasikia, na asikiacho Khairat husafiri.

Mwanabaraka alikuwa akifunga nguo zake katika kanga Bi Hanadi alipoingia chumbani. Mkononi alikuwa na lile kapu lenye mfuniko, na ndani yake Zafarani. Hakukaa. Alisema mchukue, akikaa hapa atakufa. Mwanabaraka akaendelea kukunja kwa muda, halafu akauliza kwa sauti kavu yeye anakwenda kufia wapi na jina la uchawi juu yake. Neno moja tu, alisema, nenda kamwambie neno moja la kweli. Bi Hanadi akatikisa kichwa, machozi yanamshuka bila sauti, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Ushungi ukateleza, na Mwanabaraka akaliona shavu lote kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la rangi ya zambarau bivu.

Moyo ulitaka kulainika. Akaukaza.

"Paka namchukua," alisema. "Yeye hajanikosea. Wewe, Mama Qais, radhi yangu huna."

Mkange habari zilikuwa zimetangulia. Mke wa kaka hakumfukuza, maana kaka alikuwapo, lakini alimtandikia katika banda la jikoni, na akawaambia watoto wasipokee kitu mkononi mwa shangazi yao. Zafarani aliishi chini ya kitanda. Alikula supu ikiwapo, na uji wa muhogo wenye dagaa ikikosekana, vyote vya moto. Mwili ukarudi kidogo. Hakumfuata mtu mwengine yeyote, kama ilivyo tabia yake, na hilo watu wakalitia maneno. Walisema yule si paka, ni kitu alichokuja nacho kutoka mjini. Mwanabaraka akawa anateka maji peke yake, wenzake wakishaondoka kisimani.

Siku moja simu yake ililia. Alikuwa Bi Hanadi, akinong'ona. Baada ya salamu aliuliza kama Zafarani anakula. Mwanabaraka akasema anakula. Akauliza kama bado anakunywa sana. Akasema amepunguza. Bi Hanadi akaanza neno, akaliacha, kama anayetafuta pa kuanzia. Ndipo nyuma yake ikasikika sauti ya kiume, kubwa, na vyombo vikalia kabatini. Simu ikakatika.

Mwanabaraka alikaa na simu mkononi. Mkange kuna mjumbe, kuna mashehe, Bagamoyo kuna dawati la polisi la kina mama, na yeye alijua yote yaliyokuwa yakitendeka katika nyumba ile. Lakini ni nani angemsikiliza sasa, mwanamke aliyefukuzwa kwa uchawi, akienda kumsema bwana yule yule aliyemfukuza? Mtu mmoja tu angeweza kumpa jina la kusikilizwa, na huyo ndiye aliyemnyima.

Akaiweka simu chini, akachochea jiko, akabandika uji wa paka.